Wembe wa Bwana Harusi Haukati

Mkokoteni ulikuwa umeshafika kwenye kona ya msikiti, na Nazire yuko juu yake, amekalia godoro lake kama malkia aliyepokonywa nchi akabaki na kiti, ndipo Hasbi kinyozi alipotoka dukani mbio na brashi ya povu mkononi. Nyuma yake, mteja alibaki kitini na shavu moja jeupe, ananyoosha shingo naye aone.

Kila kitu chake Nazire alikuwa amekibeba: masufuria ya shaba aliyotoka nayo kwa baba yake, sanduku la nguo, mto wa sufi, kuku mmoja kikapuni. Tevfik, kaka yake, ndiye aliyekaa mbele akashika hatamu za nyumbu, na hakugeuka nyuma hata kidogo, kwa sababu aliona haya, na kwa sababu nyumbu yule ukimgeuzia kisogo alikuwa na tabia ya kukaa. Godoro lilikuwa limekazwa kwa mkanda mpana wa ngozi, mweusi, unaong'aa kama uso wa aliyetoka hamamuni. Hasbi aliutambua hata kwa mbali. Ulikuwa mkanda wa kunolea nyembe wa marehemu Fundi Zekeriya, baba yake Nazire, aliyekuwa kinyozi wa Akviran kabla ya Hasbi na aliyemfundisha Hasbi kazi.

Nafasi ya kumwita ilikuwepo. Nyumbu alisimama pale konani kufanya haja yake, mbele ya msikiti kama kawaida yake, na mtu mwenye akili angekimbia hatua chache, akashika ukingo wa mkokoteni na kusema neno moja la heshima. Lakini ng'ambo ya barabara mkahawa ulikuwa umejaa, na kila mtu ameshikilia gilasi yake ya chai hewani bila kunywa, anasubiri. Hasbi akasokota ncha ya masharubu yake, akapaza sauti ya bwana wa nyumba.

"Chumvi umeiweka wapi?"

Nazire hakugeuka. "Palepale ilipo akili yako," alisema. "Itafute."

Mkahawa ulilikubali jibu hilo kwa vicheko, gilasi zikashuka vinywani, mkokoteni ukapinda kona. Hasbi akarudi ndani kummalizia mteja lile shavu, huku akijiambia kwamba ngozi ni ngozi, na Akviran nzima kila mwanamume ana mkanda kiunoni.

Ugomvi wenyewe ulianzia palepale mkahawani, siku mbili nyuma. Haji Feyzi, mwenye kinu cha unga, alikuja kumwomba Hasbi amnyoe mwanawe Dursun siku ya harusi, Jumapili. Kule kwao bwana harusi hanyolewi kimyakimya kama maiti. Hukalishwa uani mbele ya watu wote, ngoma na zumari zinapigwa, rafiki zake wanamzunguka, na asipokwisha kunyolewa msafara wa kumfuata bibi harusi hauendi. Kinyozi siku hiyo ni mkubwa kuliko imamu. Hasbi alikuwa ameingoja harusi hiyo kama mtoto anavyongoja sikukuu, maana Feyzi alikuwa na tabia ya kusema, kila alipokatwa kidogo kidevuni, kwamba mjini mkoani wako vinyozi wa kisasa wenye mashine.

Haji akasifu. Alisema wembe wa Hasbi hupita shavuni hata mtu asijue kama umeshapita. Hasbi alipaswa kushukuru na kunywa chai yake. Badala yake akasokota masharubu, akainua mkono wake wa kulia, akaugeuza mbele ya taa huku na huku kama anauuza.

"Siri ni hii," alisema. "Mkono. Makali yanatoka hapa."

Mmoja akauliza kwa utani kama mkewe, binti wa Zekeriya, naye hakurithi kitu. Hasbi akacheka kwa pua. Akasema Nazire ni mwanamke mzuri, anapika ngano ikapikika, lakini kunoa, hata kijiko hawezi.

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla chai yake haijapoa. Na ubaya wake ni kwamba nyembe zote za Hasbi, tangu siku ya kwanza aliyofungua duka, zilikuwa zinanolewa na Nazire.

Fundi Zekeriya alikuwa mtu wa kugawa kila mtu alichoweza kukipokea. Tevfik, mwanawe wa kiume, hakuweza kupokea kitu, akapewa nyumbu. Hasbi alikuwa na mkono mwepesi wa ajabu. Angeweza kumnyoa mtu aliyelala na mtu akaendelea kuota. Lakini mbele ya mkanda wa kunolea mkono huohuo ulikuwa unapata wazimu. Alipenda sauti. Alipiga wembe kwenye ngozi kwa mbio, pa-pa-pa, kama mpiga ngoma anayelipwa kwa kelele, na makali yalikufa kwa heshima zote. Mzee alijaribu kumfundisha, akakata tamaa, akamfundisha binti yake. Alipofariki aliacha wembe wake kwa mkwe na mkanda kwa binti, akaona mambo yamekaa sawa.

Basi kila jioni Hasbi alizileta nyembe nyumbani zimefungwa kwenye kitambaa. Wakishakula, Nazire aliutundika mkanda kwenye msumari wa mlango, akausugua kwanza kwa kiganja mpaka upate joto la mkono, kisha akaupeleka wembe taratibu, mgongo mbele makali nyuma, akifika mwisho anaugeuza kwa mgongo wake, kamwe si kwa makali, na kuurudisha. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayefuta meza. Dukani kulikuwa na mkanda mwingine ukutani, kipande kikuukuu ambacho Hasbi alikipiga pa-pa-pa mbele ya wateja kwa wembe mbovu, kisha akaudondosha mbovu kwenye droo na kuutoa mzuri. Wateja walipenda sana sehemu hiyo.

Hakuna aliyejua, na Nazire hakuwahi kudai wajue. Lakini lile la kijiko lilimkaa. Usiku ule hakunoa. Siku iliyofuata alipeleka habari kwa kaka yake, na Alhamisi mkokoteni ukaja. Alichomwambia Hasbi mlangoni kilikuwa kifupi. Siku atakayosema mbele ya watu ni nani anayenoa nyembe hizo, siku hiyo atume mtu amwite. Kabla ya hapo asitume hata kuku.

Hasbi akajibu kwamba atasema siku nyumbu atakapoadhini.

Nyembe zake zilikuwa tatu. Wa kwanza ulitoka jeshini pamoja naye, wa pili ni wa marehemu Zekeriya, na wa tatu, ulio bora, walikuwa wakiuita Mjerumani kwa sababu ya chuma chake. Mjerumani hakutumika siku za kawaida. Nazire alikuwa amemnoa wiki iliyopita, akampaka mafuta kidogo ya zeituni na kumlaza kwenye kitambaa, tayari kwa shavu la Dursun. Lau Hasbi angemwacha pale alale mpaka Jumapili, hadithi hii isingekuwepo, na pengine Nazire asingerudi kamwe kutoka kwa kaka yake.

Ijumaa mambo yalikwenda vizuri. Makali ya zamani ya Nazire yalikuwa bado yamo katika zile nyembe mbili, na Hasbi alinyoa mji mzima uliokuwa unajiandaa kwa harusi. Kila shavu lililong'aa lilimwongezea kiburi. Jioni akaamua kuzinoa mwenyewe.

Alianza na mkanda wa suruali. Mkanda ule ulikuwa na mshono katikati, na wembe wa jeshini kila ulipopita juu ya mshono uliruka kidogo, kama mkokoteni juu ya jiwe. Akabadilisha. Nyuma ya duka ulikuwepo mkanda wa tumbo wa nyumbu, wa ngozi nene, ambao Tevfik aliusahau siku moja na Hasbi hakumkumbusha. Huo aliuona ni ngozi ya kiume. Ulikuwa umelowa jasho la nyumbu miaka mingi, una chumvi na mchanga ndani yake, lakini ulitoa sauti nzuri kupita mikanda yote aliyowahi kuipiga. Duka lililia pa-pa-pa mpaka mwenye mkahawa akaja kuchungulia, akaondoka akiwaambia watu kwamba Fundi Hasbi anajinolea hasira.

Jumamosi wateja walianza kupiga chafya kitini. Mmoja alitokwa na machozi akasema amemkumbuka mama yake. Hasbi alisema ndevu za mwaka huu ni ngumu, kwa sababu ya baridi.

Jioni hiyo akamtoa Mjerumani kwenye kitambaa. Hakuwa na kasoro yoyote. Hasbi akamjaribu kwenye nywele za mkono wake, zikaanguka kabla wembe haujazigusa, na badala ya kumrudisha alipomtoa akapata wazo. Ikiwa wembe ulionolewa na mwanamke unakata hivi, je, ukipitishwa kidogo na mkono huu? Kidogo tu, ili akisema amenoa yeye iwe kweli. Akautundika ule mkanda wa nyumbu, akampitisha.

Jumapili asubuhi uwanja wa nyumba ya Haji Feyzi ulijaa hata juu ya ukuta. Dursun alikaa kitini katikati, taulo shingoni, ndevu za siku nyingi usoni, na tabasamu la mtu ambaye hana la kufanya. Pembeni yake alisimama mpambe wake, Nedim, muuza vitambaa, kijana wa maneno mengi aliyechaguliwa kwa kazi hiyohiyo. Maana iko desturi nyingine, na kila mtu uwanjani alikuwa ameijia hiyo. Kinyozi akifika katikati ya kunyoa husimama, anasema wembe haukati. Hapo mpambe na jamaa wa bwana harusi humtunza, taulo, sigara, noti ya lira, na wembe ghafla unakata. Baada ya kidogo unagoma tena. Watu hucheka, zumari hulia, kinyozi hurudi nyumbani na mzigo.

Hasbi akapaka povu, akamkunjua Mjerumani hewani ili jua limpige, akaanza na shavu la kulia. Mara ya kwanza Dursun alikodoa macho. Mara ya pili vidole vyake vikashika mikono ya kiti. Mara ya tatu akasema polepole, bila kufungua mdomo, "Fundi, unaninyoa au unaning'oa?"

Hasbi alisukuma, akavuta, akabembeleza, akazunguka kidevu kwa njia alizofundishwa na ambazo hakufundishwa, na mkono ule mwepesi ukamfikisha mpaka mwisho wa shavu la kulia kwa shida, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Shavu likabaki jekundu kama nyanya iliyochunwa. Akachukua wembe wa Zekeriya, ukawa mbaya zaidi. Wa jeshini hakuujaribu, aliujua. Shavu la kushoto lilikuwa bado zima, na povu linakauka.

Hasbi akashusha mkono. Akasema, kwa sauti ndogo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli, "Wembe haukati."

Uwanja ukapasuka kwa furaha. Ngoma ikadunda. Nedim akapiga makofi, akamtupia taulo jipya begani na pakiti ya sigara mfukoni.

"Haya, dawa hiyo. Sasa?"

"Haukati, Nedim."

"Wembe una njaa leo," Nedim aliwatangazia watu, na bakuli la halua likapita juu ya vichwa mpaka mikononi mwa kinyozi. Kisha soksi za sufu zilizofumwa na bibi yake Dursun. Kisha jogoo, amefungwa miguu, aliyetazama mambo yote kwa jicho moja. Hasbi alisimama amebeba vitu hivyo kama mtu anayehama, akawa anatikisa kichwa, na kila alipotikisa kichwa watu walizidi kufurahi.

"Jamani, sifanyi mchezo," alisema. "Haukati kweli. Nedim, shika mwenyewe."

Nedim akapitisha kidole gumba kwenye makali, tena kwa nguvu, akakiinua juu wote wakione. Hakikuwa na hata mchubuko. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Walisema vinyozi wengine wote husema tu, lakini Hasbi wetu mwaka huu kaja na wembe uliotengenezwa usikate kabisa.

Haji Feyzi mwenyewe alileta kondoo. Alimkokota kwa pembe kupita katikati ya watu, uso unacheka kwa ajili ya wageni, akainama sikioni mwa Hasbi na uso wa pili ambao haukucheka.

"Huyu nilimweka kwa walima," alisema. "Ukitaka na kinu, sema sasa, tuandikishane. Lakini mwanangu akikaa hapo nusu binadamu nusu mbuzi mpaka adhuhuri, wewe mji huu hutamnyoa tena hata paka. Kesho namleta kinyozi wa mkoani na mashine yake."

Hapo ndipo Hasbi alipoelewa kwamba duka linakwenda. Akatazama shavu la kushoto la Dursun. Akatazama mkono wake wa kulia, ukamtazama pia, bure kabisa. Akamjibu Haji kwa kunong'ona kwamba nyembe hizi ananoa Nazire. Tangu zamani ananoa Nazire. Bila Nazire hakuna shavu la pili.

Haji Feyzi alimkodolea macho. Kisha kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, kikamwangusha kofia. Akawageukia watu.

"Kondoo kamkataa," alitangaza. "Anataka mke."

Hasbi akapiga kelele kwamba siyo hivyo, kwamba Nazire ndiye mwenye makali, na alisema kweli tupu mbele ya watu kama alivyotakiwa, neno kwa neno, na hakuna hata mmoja aliyeiamini. Waliona ndiyo kilele cha mchezo. Mke kakimbia Alhamisi, Jumapili mume anatumia harusi ya mwenzake kumrudisha, na anasingizia wembe. Wazee walisema hawajawahi kuona kinyozi mwenye akili namna hii. Na kwa kuwa ngoma ilikuwepo, na zumari lilikuwepo, na msafara wa kumfuata mwanamke ulikuwa umeshajipanga, ikaonekana ni jambo dogo kuanza na huyu.

Wakatoka. Mbele ngoma, nyuma yake Hasbi na jogoo wake, kisha Dursun kwa miguu, taulo shingoni, shavu moja jekundu na jingine jeupe kama keki, halafu Haji anavuta kondoo wake, halafu Akviran. Kwa bibi harusi ujumbe ukapelekwa kwamba kuna uchelewesho mdogo.

Tevfik alisikia zumari likikaribia, akachungulia, akaona msafara wa harusi unaelekea kwake. Hakujua ni wa nini, lakini aliijua kazi ya kaka wa bibi harusi. Akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya mlango, akakikalia.

"Mlango umefungwa," alisema.

"Shemeji," Hasbi alisema, "niache nipite, nakufa."

"Wote husema hivyo, shemeji."

Hasbi akampa jogoo. Tevfik akampima uzito, akasema mlango umelegea kidogo. Akapewa soksi. Akapewa sigara na halua. Alipouliza habari za kondoo Haji alikohoa, na mlango ukafunguka kwa ndani.

Nazire alitoka na mkanda wa baba yake begani. Alimtazama mumewe, akamtazama bwana harusi, akalitazama lile povu lililopasuka kama udongo wa kiangazi. Kicheko kilimfika mdomoni, akakizuia. Akamwinulia mpiga ngoma kiganja. Ngoma ikanyamaza. Mwenye zumari alimalizia pumzi iliyokuwa imebaki, naye akanyamaza.

"Mmekuja kufanya nini?"

Hasbi akasogea karibu, akaanza kunong'ona.

"Hao wa nyuma hawajasikia," Nazire alisema.

Basi akasema tena. Mara ile uwanjani aliyasema akipiga kelele, na yalikuwa mchezo. Sasa hapakuwa na ngoma ya kuyabeba. Alisema mkono ni wake, na mkono hautoi makali. Alisema nyembe zote walizonyolewa nazo watu wa Akviran tangu afe Zekeriya zilinolewa na mwanamke huyu mlangoni kwake, baada ya chakula. "Nikishika mkanda mimi," alimalizia, "wembe unageuka kijiko."

Hakuna aliyecheka. Wanaume kadhaa walijishika mashavu bila kujua, kama watu wanaoambiwa kwamba kuna mtu alikuwa anaingia nyumbani mwao miaka yote hiyo.

Nazire akanyoosha mkono, akapewa Mjerumani. Akamwinua kwenye jua, akamgeuza, kisha akamnusa.

"Huyu nilimwacha mzima. Umemfanya nini?"

"Nilimboresha kidogo."

"Ananuka nyumbu."

"Kumbe ndiye aliyeuchukua," Tevfik alisema kutoka kigodani. "Mkanda wangu wa tumbo. Mwaka mzima nyumbu anavaa kamba."

Makali yalikuwa yamekunjika, mkanda peke yake usingetosha. Nazire akaomba maji, akatoa kinoo cha baba yake, akakaa kizingitini, akakilaza chuma juu ya jiwe kwa ubavu wake wote na kuanza kukisogeza polepole kama anamlaza mtoto. Watu walikaa chini, bwana harusi kwenye kigoda alichopishwa na Tevfik. Mpiga ngoma akalalia ngoma. Kondoo akala kitu cha jirani. Kutoka kwa bibi harusi alikuja msichana kuuliza kama Dursun amekufa, akaambiwa hapana, nusu. Akaja mwingine kuuliza ni nusu ipi. Nazire hakuinua kichwa. Kutoka kwenye jiwe akahamia upande wa nyuma wa ule mkanda, ulioshonewa kitambaa, kutoka kitambaa akahamia ngozini, ameutundika kwenye komeo la lango na kuukaza kwa mkono wa kushoto usilegee. Mgongo mbele, makali nyuma, geuza kwa mgongo. Kimya kilikuwa kikubwa hata ile sauti ya kufuta meza ikasikika mpaka barabarani, na mwenye mkahawa, aliyeisikia pa-pa-pa ya Ijumaa, alitikisa kichwa kwa aibu ambayo haikuwa yake.

"Sasa ujaribiwe," Nazire alisema.

Nedim akakunja shati na kutoa mkono wenye nywele.

"Hizo za mkono ni za kitoto. Nataka ngumu."

Macho yake yakatua juu ya masharubu ya Hasbi. Yalikuwa masharubu ya sifa, yenye ncha mbili zilizopakwa nta, na ndiyo aliyokuwa akiyasokota usiku ule wa mkahawani alipokuwa anausifu mkono wake. Kwa mwanamume wa Akviran kuyapoteza hayo hadharani ni afadhali apoteze suruali, maana suruali inavalika tena palepale.

"Nazire," Hasbi alisema chinichini, "usinifanyie hivi. Nimeshasema. Nimesema mara mbili."

Nazire akamkunja Mjerumani, akamrudisha kwenye kitambaa, akafunga fundo.

"Wembe haukati," alisema.

Hilo kila mtu alilielewa. Hata Dursun aliinuka mwenyewe, bila kuambiwa, akampisha kinyozi kigoda cha Tevfik.

Hasbi aliangalia lango, mkanda, Haji, kondoo. Akakaa. Nazire akampaka povu chini ya pua kwa kidole, akamkunjua Mjerumani na kushuka. Wembe ulikata vizuri mno. Tatizo lilikuwa mkono. Mkono wa Nazire ulikuwa mzito kama wa mchoma matofali, na upande wa kushoto ulipoanguka ulikwenda na kipande kidogo cha mdomo, na upande wa kulia vilevile.

"Mkono wako mzito kama mlango," Hasbi alisema, damu inamtiririka kidevuni.

"Najua. Ndiyo maana sikuwahi kujisifu nao." Akaupangusa wembe, akaugeuza na kumkabidhi mpini. "Sasa unakata."

Hasbi akasimama, mdomo wa juu uchi kama wa mtoto mchanga, karatasi mbili za sigara zimebandikwa kuzuia damu. Akapaka povu jipya. Akaliendea shavu la kushoto la Dursun, na mkono ule mwepesi ukapita na makali yale, na bwana harusi, aliyekuwa amefumba macho na kukaza meno, baada ya muda akauliza fundi ataanza saa ngapi.

Dursun alioa siku ileile, alasiri badala ya asubuhi. Miaka miwili baadaye alipanda treni kwenda Ujerumani kufanya kazi ya kiwanda, akanunua mashine ya umeme ya kunyolea, hakukaa tena kwenye kiti cha kinyozi. Nedim alifilisika biashara ya vitambaa, akawa karani wa soko. Haji Feyzi hakumleta kinyozi wa mkoani. Alinyolewa kwa Hasbi mpaka alipofariki, akiwa anasifu chuma badala ya mtu. Kondoo aliliwa usiku wa harusi. Jogoo alikaa kwa Tevfik na kuwika saa mbaya. Nyumbu alirudishiwa mkanda wake wa tumbo, akafa uzeeni, akiwa amekaa.

Nazire alirudi Jumatatu kwa mkokoteni uleule. Mkanda ulitundikwa dukani, karibu na dirisha, naye alinolea hapo mchana, pazia likiwa wazi. Wateja wachache walihama kwa sababu hiyo, na wengi wao walirudi baridi ilipoingia. Hasbi alifuga masharubu mengine, madogo, yasiyo na ncha. Alifariki kabla ya Nazire. Duka likauzwa, sasa wanatengeneza redio. Mkanda Nazire aliuchukua, na alipofariki yeye, Tevfik aliukata vipande akamtengenezea nyumbu mwingine hatamu.